Mzee Sikio na Mlio wa Kalibu

Siku hizi hakuna anayenyamaza asubuhi. Watu wa karakana ya kufulia vyuma huingia wakipiga soga, mwenye kucheka anacheka, mwenye kupiga miayo anapiga, na minyororo inaburutwa sakafuni kabla hata taa zote hazijawashwa. Binti anayenyunyizia maji pale kwenye nyundo husema kelele hizo za asubuhi humuumiza kuliko kishindo cha nyundo yenyewe. Nyundo ilikuwapo tangu zamani. Kelele hizi ni ngeni. Zimehamia mahali palipokuwa na kimya, na kimya hicho kilikuwa cha baba yake.

Zamani ilikuwa hivi. Kabla ya kazi kuanza, kalibu iliinuliwa kwa winchi mpaka ikaning'inia. Kalibu ni vipande viwili vya chuma kizito, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vikubwa kama mito ya kulalia, vilivyochimbwa ndani umbo la kitu kinachotakiwa. Chuma chekundu huwekwa katikati, nyundo inashuka, nacho kinajaa ndani ya umbo lile kama donge la unga ndani ya bati. Kila kipande kilipoinuliwa, baba yake aliinua kidole. Watu wakanyamaza wote, kuanzia wapakiaji wa tanuri hadi mfagiaji. Naye akachukua nyundo ndogo isiyozidi ile ya fundi viatu, akagonga mara moja.

Kalibu isiyo na ufa ililia kama kengele ya shule, mlio mrefu uliopanda hadi kwenye mabati kisha ukafifia polepole. Kalibu yenye ufa, hata ufa mwembamba kuliko unywele, ililia kama chungu kilichopasuka: ko, basi. Mzee aliungoja mlio uishe wote mpaka mkia wake, ndipo akasema neno moja. "Mzima." Au, mara chache, "Mgonjwa." Akisema mgonjwa, haifungwi, hata kama mwenye karakana amesimama mlangoni anatazama saa.

Ndiyo sababu aliitwa Sikio. Jina alipewa na Kishindo, mwendesha nyundo, mtu mpana mwenye kicheko kinachotangulia maneno yake. Wawili hao walikuwa wa kufa na kuzikana, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mzee Sikio, jana mke wako alinituma nikuulize, mbona mlio wa chuma unausikia na wa kwake huusikii?"

"Mwambie aje aning'inizwe kwenye winchi, nitamgonga nimpe majibu."

Karakana yote ilicheka. Na binti, aliyekuwa akijaza tangi lake la maji, alijifanya hakusikia, maana mtu na heshima zake hacheki mambo ya baba na mama.

Aliingia kazini pale baada ya mumewe kuondoka na kutorudi. Baba ndiye aliyemwombea nafasi. Kazi yake ilikuwa kusimama ubavuni mwa nyundo na bomba, na kila kulabu moja ya winchi, maana kulabu ndizo zilizofuliwa pale, ilipotolewa ndani ya kalibu, aipulizie kalibu maji meusi yaliyochanganywa na unga kama ule wa ncha ya penseli, ili kulabu inayofuata isigande ndani. Pigo, mvuke, pigo, mvuke, mpaka jioni. Jioni mate yake yalikuwa meusi.

Kazi ya baba ilikuwa kinyume na yake. Yeye alikuwa mpasha moto. Kalibu haifanyi kazi ikiwa baridi. Ukiiwekea chuma chekundu ghafla, hushtuka ikapasuka. Kwa hiyo Mzee Sikio aliipasha kwa mwali wa gesi, taratibu, akiusogeza mwali huku na huku kama mtu anayempepea mtoto mgonjwa. Mara kwa mara alichovya kidole kwenye kopo la maji akadondosha tone juu ya chuma. Tone likikaa likachemka, bado. Likidunda na kukimbia kama shanga iliyokatika uzi, tayari.

"Moto hauui kalibu," alimwambia binti katika siku zake za mwanzo. "Chuma hiki kimepikwa kwa ajili ya moto, kina dawa zake ndani. Vyuma vingine vikipata joto hili vinalegea kama nta. Hiki kinakaa na ugumu wake. Kinachokiua ni kuingia motoni na kutoka. Kikipata joto kinatanuka, kikipata baridi kinajikunyata. Ngozi ndiyo inayochoka kwanza. Umewahi kutazama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku? Michirizi kwanza. Halafu nyufa. Halafu damu."

"Kwa hiyo mimi na maji yangu ndiye muuaji."

"Wote tunaiua, mwanangu. Mimi kwa moto, wewe kwa maji, Kishindo kwa kuipiga. Kazi yetu ni kuiua polepole."

Na kwa upole wa mzee kalibu ya kulabu ilikataa kufa. Ilipolika ilichimbwa upya, ikarudi kazini. Ikalika tena, ikachimbwa tena, mpaka ikawa nyembamba kuliko ilivyozaliwa. Kila msimamizi alipoomba inunuliwe nyingine, mwenye karakana alijibu kwamba ile ya zamani bado inalia vizuri, si ndivyo? Siku Mzee Sikio atakaposema mgonjwa, tutanunua. Mzee alilichukua neno hilo kama sifa, akatembea nalo kifua mbele. Hakuona kwamba alikuwa amebebeshwa mzigo wa karakana nzima juu ya sikio moja.

Uziwi haukupiga hodi. Uliingia kama unyevu ukutani. Kwanza ilikuwa redio, ikapandishwa kidogo, kisha tena. Halafu bomba la uani, ambalo alizoea kuamka kitandani kwenda kulikaza likidondoka hata tone. Sasa ndoo ilijaa ikafurika yeye amekaa palepale. Mama ndiye aliyekasirika wa kwanza.

"Baba yako siku hizi ananidharau," alimwambia binti wakichambua mboga. "Namwita kama naita jiwe. Huko nyuma alikuwa haitiki kwa kiburi, nilikuwa namwona bega linavyotikisika kwa kucheka. Sasa hata bega halitikisiki."

Binti alichukua mfuniko wa sufuria, akauinua juu, akauachia. Ulianguka kwenye saruji ukazunguka na kupiga kelele hadi ukajilaza wenyewe. Baba alikuwa hatua chache tu mbele yao, amewapa mgongo, anafunga kamba za viatu. Alimaliza kiatu cha kulia akaanza cha kushoto.

Mama alifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Miaka yote ambayo mzee alisimama karibu na nyundo ile ili asikie uzima wa vyuma, nyundo ilikuwa ikila kile kile alichokuwa akisikia nacho. Hakuna aliyelifikiria hilo. Kishindo na wenziwe walijiziba masikio kwa pamba. Yeye hakuweza, kwa kuwa mpasha moto huisikiliza kalibu mchana kutwa, akingoja siku itakapobadilisha sauti.

"Baba," binti alisema, amekaa mbele yake ili aonekane, "twende hospitali wakakupime masikio."

"Nani amelalamika?"

"Mfuniko umeanguka nyuma yako sasa hivi."

"Nimeusikia. Mlitaka niruke kama panzi?"

Mama alicheka kwa kushindwa kujizuia, akaenda jikoni, na huko kicheko kikageuka kilio. Walipobaki wawili, mzee aliinama karibu na binti yake.

"Usinitangaze," alisema. Alidhani ananong'ona, lakini jirani aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta aligeuka kutazama. "Jina langu la kuzaliwa pale hakuna anayelijua. Ukiliondoa hili, wataniita nani? Watanipa ufagio."

"Na mlio unausikiaje sasa?"

"Mlio mzuri naupata mkononi, unapanda kwenye mpini. Na siku nikiwa na shaka, namtazama Kishindo. Mlio ukiwa safi, uso wake unatulia. Yule mtu hajui kuficha kitu."

Hapo binti alielewa jambo alilokuwa akiliona bila kulitambua. Kwa muda mrefu baba yake, akishagonga, hakuitazama tena kalibu. Alimtazama Kishindo. Kishindo angetabasamu, naye angesema, "Mzima."

Alijiambia si haba. Kishindo ndiye anayesimama mbele ya nyundo. Mtu hawezi kuupuuza mlio unaomlinda miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo sikio lilikuwapo, ila limehamia kwenye kichwa kingine. Kwa wazo hilo akapata usingizi, akalitumia hivyo kwa miezi.

Kisha ikaja kazi ya haraka, kulabu nyingi kwa mteja aliyekuwa akipiga simu kila saa. Nyundo haikupumzika hata wakati wa chakula. Kufikia alasiri kalibu ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na kingo za umbo zilianza kulegea. Kulabu zilitoka na midomo minene. Ilipasa kusimama, kuiacha ipoe yenyewe. Msimamizi alikuja na jasho la simu usoni.

"Imwagie maji."

"Haya meusi yamekwisha, Bosi. Nangoja yachanganywe."

"Nimesema maji. Maji ni maji."

"Baba amekataza maji matupu. Itashtuka."

"Baba yako ndiye anayelipa mteja? Mwaga, dada, tusimalizie siku kwa hotuba."

Binti aligeuka kumtafuta baba yake. Alikuwa pale pale karibu na tanuri, amewapa mgongo, anarekebisha mwali wa gesi. Binti aliachia maji. Chuma kilipiga ukelele ambao haukuwahi kusikika mle ndani, chwaaa ndefu yenye mluzi, na wingu jeupe likawafunika hadi viunoni. Miaka ya nyuma, sauti kama ile ingemfanya mzee aruke na matusi mdomoni. Aliendelea kugeuza kifungo cha gesi. Kifungo kilikuwa kigumu, akakipulizia, akakigeuza tena.

Kulabu zilizofuata zilitoka nzuri. Msimamizi akasema, "Umeona?"

Asubuhi yake kipande cha chini cha kalibu kilining'inia kwenye winchi kama kawaida. Mzee Sikio aliinua kidole. Watu wakanyamaza. Akaipuliza nyundo yake ndogo, akagonga.

Ko.

Binti aliisikia. Aliisikia kwenye meno. Alitazama huku na huku, akaona wapakiaji wawili wakitazamana, na mfagiaji akiinamisha kichwa kama mtu aliyesikia neno la aibu kwenye nyumba ya watu. Mlio haukuwa na mkia. Lakini baba yake alikuwa amekwisha inua macho, anamtazama Kishindo, na Kishindo alikuwa anatabasamu.

"Mzima," mzee alisema.

"Baba," binti alisema kwa sauti, "gonga tena."

Jambo hilo halikuwahi kutendeka. Hata winchi ilionekana kusimama. Mzee hakusikia, ila aliona vichwa vikigeuka, akafuata macho yao hadi kwa binti yake, akasoma midomo yake ilipolirudia neno. Uso wake ulibadilika rangi. Aligonga tena, kwa nguvu zaidi.

Ko.

Akamtazama Kishindo. Kishindo akaupanua mdomo zaidi, akampigia saluti ya mzaha, kama kumwambia ndugu yangu, usimjali mtoto.

"Mzima," mzee alisema tena.

"Sikio halizidi kichwa, dada," alisema msimamizi, na watu wakacheka, kicheko cha kushukuru kwamba kimya kimevunjwa. "Fungeni. Tumechelewa."

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa binti. Lilikuwa fupi: baba yangu hasikii. Alilisogeza mpaka kwenye meno. Kulitamka pale, mbele ya wapakiaji na mfagiaji na msimamizi, kulikuwa kumvua baba yake nguo hadharani. Akajiuliza yeye ni nani. Labda baridi ya asubuhi imeufunga mlio, labda mnyororo umegusa ubavu wa kalibu. Kishindo amesikia, naye ametabasamu. Akaenda kushika bomba lake.

Mzee aliipasha kalibu taratibu, kwa adabu yote, mpaka tone likakimbia. Kishindo akapanda mahali pake, akapiga mzaha kuhusu watoto wanaowafundisha wazazi wao kutembea. Kulabu ya kwanza ikatoka. Ya pili. Walikuwa hawajamaliza rundo la kwanza nyundo iliposhuka na kipande cha chini kikaachana vipande viwili kama mkate. Nusu moja ilibaki. Nusu ya pili iliruka ikiwa na joto lake lote, ikamchukua Kishindo chini ya goti na kumbandika kwenye ukuta wa bati.

Mzee Sikio ndiye peke yake ambaye hakugeuka mara moja. Aligeuka alipoona watu wakikimbia.

Binti alikwenda hospitali Kishindo aliporuhusiwa kuonwa. Mguu ulikuwa umekatwa juu ya goti. Alilala amegeukia ukuta, na kwa mara ya kwanza kicheko chake hakikutangulia.

"Baba mdogo," binti alisema, "ulisikia ule mlio? Ule wa asubuhi?"

"Eh?"

Akarudia. Kishindo akaweka kiganja nyuma ya sikio. Ndipo binti akalazimika kupaza sauti, na wodi nzima ikasikia: "Mlio! Baba alipogonga! Uliusikia?"

"Mimi?" Kishindo alishangaa kwelikweli. "Mimi nisikie wapi, mwanangu? Masikio yangu yalikwisha zamani. Na pamba naitia tangu getini. Nikiona watu wamenyamaza, nanyamaza. Baba yako akigonga, natabasamu, ili ajue namwamini." Akakitoa kiganja sikioni. "Si ndiye Sikio? Mimi nisikilize cha nini?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika shuka usoni.

Kishindo alimtazama binti kwa muda. Halafu akapeleka mkono mahali ambapo mguu ungekuwapo, akakuta shuka, akaurudisha kifuani. "Kwani," alisema, "alikuwa akinitazama mimi?"

Binti aliitikia kwa kichwa.

Nyumbani alimkuta baba yake amesimama mlangoni, amevaa shati la kutokea, kama aliyetaka kwenda akashindwa. "Amesema nini?"

Binti aligeuka ili midomo yake ionekane vizuri. "Amekusalimu."

Lakini mtu aliyeishi kwa kusoma nyuso hadanganywi kwa midomo. Alimtazama binti yake usoni kama alivyozoea kutazama uso mwingine kila asubuhi, akaona yote, mstari kwa mstari. Akaingia ndani akakaa. Mama alimletea chai, ikapoa. Kuanzia siku hiyo hakukataa tena kupimwa masikio, wala hakukubali. Alipoambiwa vaa, tunakwenda, alivaa. Daktari alisema kilichokufa hakirudi, na kifaa kingemsaidia kusikia kelele tu, si maneno.

Kalibu mpya ya kulabu, ile iliyokuwa haipatikani miaka yote, ilifika kabla ya wiki mbili kwisha. Ilikuja na kipimajoto cha kushika mkononi, na kopo la dawa nyekundu ya kupulizia ambayo huonyesha nyufa. Nusu ya kalibu ya zamani imewekwa getini kuzuia lango lisijifunge. Ukiinama utaona mpasuko wake una rangi mbili: ukingoni ni mweusi, sehemu iliyopasuka mapema, katikati unang'aa. Binti huiruka kila asubuhi bila kuikanyaga. Bado ananyunyizia maji, maana nyumba inamtegemea yeye sasa. Anajiziba pamba. Wiki iliyopita mama alimwambia kwamba ameitwa mara tatu.

Mzee alijaribu mara moja kwenda kwa Kishindo. Alifika hadi pembe ya barabara, akamwona ameketi nje na magongo yake, watoto wamemzunguka, anawasimulia kitu huku akitabasamu. Tabasamu lilikuwa lile lile. Mzee aligeuka akarudi nyumbani, na hakusema kwa nini. Mama ndiye aliyesimulia, maana alikuwa amemfuata kwa nyuma.

Mzee Sikio yuko nyumbani kwake, chumba cha mbele, kwenye kiti cha mbao kilicho kando ya dirisha. Mlango haufungwi mchana. Anayekwenda kumtazama habishi hodi. Anasukuma, anaingia, anapita mbele ya kiti ili aonekane.